Nasaha kwa Mwalimu Aandaaye Maonyesho ya Sanaa Shuleni

Mkoa wa Mtwara haukunyimwa mikono ya ustadi. Wachongaji wa mpingo wa uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, na jamaa zao waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wafinyanzi wa vyungu, wasusi wa mikeka wa Mikindani na Msimbati, maseremala wa milango na mafundi wa madau, hao wote wapo, na watoto wao wamo madarasani mwetu. Kilichopungua ni mahali pa kutazama. Kinyago kizuri kikitoka mkononi mwa fundi, aghalabu hufungwa na kupelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko kikavuka bahari, kabla majirani wa fundi hawajapata nafasi ya kukizunguka na kukistaajabia. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wageni wa Dar es Salaam. George Lilanga, naye mtu wa kusini huku, jina lake lilikua katika Nyumba ya Sanaa ya mji huohuo, iliyoanzishwa mwaka 1972, kisha likaenea Ulaya na Japani kuliko lilivyopata kuenea Masasi.

Basi maonyesho ya sanaa ya wanafunzi, kwa rai yangu, kazi yake ya kwanza ni kuwafundisha watu wa mahali kutazama, na mwalimu ashikaye neno hili tangu mwanzo ataona kwamba mashauri mengi yaliyokuwa yakimtatiza, kama vile idadi ya kazi, urefu wa hotuba, na swali la kuuza au kutouza, yamepata jawabu bila ya mabishano. Lakini akiyageuza kuwa sherehe, yaani siku ya maturubai, vipaza sauti na sinia za pilau, ambayo ndani yake picha zimebandikwa ukutani ili ukuta usiwe mtupu, atachoka miezi mizima, na watu watarudi makwao wakiisifu pilau.

Tuanze na wakati, maana pwani hii ina hukumu zake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukoma kadiri ya Aprili, na katika miezi hiyo karatasi hunywa unyevu wa hewa ikajikunja, gundi hulegea, na rangi ya maji hukawia kukauka. Septemba darasa la saba wana mtihani wao, na Novemba kidato cha nne. Oktoba minada ya korosho imekwisha kuanza, na wazazi, ijapokuwa wana fedha kuliko wakati wowote wa mwaka, hawana siku ya kupoteza. Zinabaki Julai na Agosti, wakati wa kusi, ambapo hewa ni kavu na baridi kidogo, na nafaka imo ghalani. Hata hivyo ihadhariwe tarehe 8 Agosti na siku zinazoitangulia, kwa sababu maonyesho ya Nane Nane ya kanda ya kusini, yafanyikayo Ngongo mjini Lindi, huwachukua maafisa pamoja na magari yao. Mimi ningechagua Ijumaa na Jumamosi za mwisho wa Julai: Ijumaa asubuhi iwe ya wanafunzi wa shule za jirani, kisha milango ifungwe watu waende msikitini, na Jumamosi kutwa iwe ya wazazi na wenyeji. Jumapili ni ya kanisa, na si adabu, katika mji ambao Waislamu na Wakristo huzikana na kuozana, kumweka mtu mahali pa kuchagua. Itazamwe pia kalenda ya mwezi mwandamo, na wazee waulizwe siku za ngoma za jando na unyago, kwani ngoma ya kuwatoa vijana ikilia kijijini, hakuna mchoro uwezao kushindana nayo.

Kazi yenyewe ianze Februari, wala isiachwe hadi majuma mawili ya mwisho. Mwanafunzi akiambiwa kwa haraka kwamba kuna maonyesho, atachora kile alichokwisha kukiona kimechorwa: twiga chini ya mgunga, mlima wenye theluji ambao hajapata kuuona, bendera, na ua la waridi kutoka kalenda ya duka. Mwalimu aliyeipata njia ya kulishinda tatizo hili zamani alikuwa Bibi Margaret Trowell wa Makerere, ambaye alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake tukio la maisha ya kijijini kwa maneno, kisha akawaacha wachore kila mmoja alivyoliona moyoni mwake. Na kazi za wanafunzi hao zilitundikwa London mwaka 1939. Sam Ntiro, mwana wa Uchagani aliyesoma kwake miaka michache baadaye, aliendelea kuchora migomba na watu wa Kilimanjaro hata alipokuwa mbali nao, na mwaka 1960 makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York yakainunua picha yake moja. Njia hiyo haigharimu senti. Waambie wanafunzi: kesho yake baada ya mnada, magunia yamesimama ghalani na mtu mmoja anahesabu, kivuko cha Msanga Mkuu kimejaa na mama mmoja ana kuku mikononi, maji yamekupwa na wanawake wanarudi kutoka kwenye uvuvi wa tando, nyani wameingia shambani. Usiwaonyeshe mfano wowote wa kuchorwa. Wakikwama, waulize: mtu huyo alisimamaje, mzigo wake uliuelemea upande gani? Na wale wa mjini uwapeleke Mikindani, wakae asubuhi nzima mbele ya mlango mmoja wa nakshi, mlango mmoja tu, waunakili kwa mkaa hadi waujue kuliko mwenye nyumba.

Kuhusu vifaa, shule isilie kwa kukosa rangi za dukani. Mkaa upo, chokaa ipo, bizari ya manjano ipo jikoni, na ngeu, ambayo maseremala hupigia mistari, hutoa wekundu wa kupendeza ikisagwa na kuchanganywa na gundi hafifu. Shule za vijiji vya mdomo wa Ruvuma, kama Msimbati na jirani zake, zina utajiri wa pekee: magogo ambayo mto huyachukua wakati wa masika na bahari ikayatema pwani yakiwa yamesuguliwa laini, kumbi na vifuu vya nazi, ukindu na miyaa, nyavu chakavu, na malapa ya mpira yaliyotupwa, ambayo hukatwa kwa kisu na kuwa mihuri ya kuchapia. Lakini matumbawe yasivunjwe wala makombe hai yasiokotwe kwa ajili ya pambo la sanaa. Pwani hiyo imo katika hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na mtoto akifundishwa shuleni kuyabomoa makao ya samaki ambao baba yake huwavua, hilo ni somo baya kuliko kukosa somo. Jambo la pili la hadhari ni mafuta ya ganda la korosho. Wako mafundi ambao huyapaka mbao kuzuia mchwa, na mwanafunzi mjanja anaweza kudhani atapata rangi ya kahawia bila ya malipo. Mafuta hayo hubabua ngozi vibaya, na yasiguswe darasani hata kidogo.

Sasa uchaguzi, ambao ndio msiba wa walimu wengi. Chumba kimoja cha darasa hakichukui zaidi ya kazi arobaini pasipo kusongana, na shule ina wanafunzi mia kadhaa. Huruma itakuambia uzibandike zote, kuanzia sakafuni hadi darini. Usiifuate. Mtazamaji aingiaye mahali penye picha mia nne hatazami hata moja, bali huzungusha macho, huuliza ya mwanawe iko wapi, akiiona huridhika na kutoka. Teua arobaini, na uteuzi huo ufanywe na watu watatu au wanne walio tofauti: mwalimu wa somo, fundi mmoja wa mjini au kijijini, mzazi mwenye jicho, na mwanafunzi wa darasa la juu asiyeshiriki. Wasizawadie usafi peke yake, kwa kuwa shule zetu zimezoea kudhani kwamba mchoro mzuri ni ule uliopigwa rula. Mchoro wa kivuko ambao watu wake wameegemeana na mashua imelala upande, ijapokuwa mistari imefutwa mara nyingi, una haki kuliko nyumba ya bati iliyonyooka isiyokaliwa na mtu. Zile kazi zisizotundikwa ziwekwe katika majalada makubwa ya karatasi ya manila juu ya meza mlangoni, zimepangwa kwa madarasa, ili kila mzazi afungue na kuipata ya mwanawe. Na jambo hilo, dogo kwa sura yake, huondoa manung'uniko yote, na zaidi ya hayo huwafanya watu kufunua karatasi moja moja, jambo ambalo ndilo tulilokuwa tukilitaka.

Chumba ndicho kitakachokupa tabu na ladha zaidi. Katika mwezi wa Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo madirisha ya kaskazini huingiza miale mikali itakayopausha rangi za maji na kung'arisha kioo chochote, ilhali madirisha ya kusini huleta nuru tulivu iliyo sawasawa tangu asubuhi hadi alasiri. Mtu angependa kuyafunga ya kwanza kwa nguo nyepesi na kuyaacha wazi ya pili. Lakini kusi nalo hutoka kusini, na pwani ya Mtwara upepo huo haubishi hodi; karatasi iliyoshikwa kwa pini mbili za juu itapigapiga kutwa nzima na kupasuka kabla ya adhuhuri. Shauri langu ni kwamba madirisha ya kusini yaachwe wazi, na kila karatasi igandishwe juu ya manila ngumu kisha ishikwe pembe zote nne. Ukutani usipige misumari, maana mkuu wa shule hatakusamehe na plasta haitashika. Simamisha fito za mianzi kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi, unyooshe ugwe wa katani kati yake, mmoja juu na mmoja chini, na kazi zifungwe baina ya nyugwe hizo mbili kwa vibanio vya nguo. Gundi ya unga wa muhogo hushika vema kwa siku chache, ila huwaita mende na panya, basi kazi zisilale nayo zaidi ya juma moja. Katikati ya kila picha pawe karibu na kimo cha jicho la mtu mzima, yaani sentimita 145 hivi kutoka sakafuni, lakini ikiwa wageni wako wengi ni watoto wa darasa la kwanza na la pili, ishushe hadi 120, na wazazi watainama; hawatadhurika. Baina ya kazi na kazi acha nafasi isiyopungua upana wa kiganja kilichokunjuliwa, na picha yenye nguvu kuliko nyingine zote usiiweke mlangoni, ila ukuta wa mbali, unaokabili mlango, ili imvute mtu aingie hadi ndani.

Vinyago na vyungu havitaki ukuta. Viweke katikati ya chumba juu ya madawati yaliyopandishwa hadi kimo cha kiwiko, mtu aweze kuvizunguka, kwa kuwa kinyago cha Kimakonde, hasa kile cha watu waliopandana ambacho huitwa ujamaa, kina uso pande zote, na kukiegemeza ukutani ni kukikata nusu. Nguo ya kufunika dawati iwe marekani nyeupe isiyo na maua. Mpingo mweusi juu ya marekani husimama wenyewe, na kinyago cha mti mwepesi juu ya kaniki vilevile. Khanga, japo ni nzuri na kila nyumba inayo, itashindana na kazi kwa nakshi zake na maneno yake, na mtazamaji atasoma khanga. Mpingo usikae juani wala mbele ya upepo mkavu, maana hupasuka, na mti uliochongwa mbichi na mwanafunzi mwenye haraka hupasuka hata kivulini. Aambiwe mapema, akaushe kipande chake polepole ndani ya maranda kwa miezi kadhaa, na kwa sababu hiyo pia nilisema Februari.

Juu ya mambo haya lipo moja ambalo sitalipita upesi, nalo ni mapiko, yaani barakoa za ngoma za Kimakonde. Watoto wengi wa nyumba za Kimakonde wameyaona mapiko yakicheza, na mwanafunzi mwenye kipaji cha kuchonga atataka, kwa haki kabisa, kuchonga lipiko na kulileta shuleni. Lakini lipiko, katika desturi za wenyewe, si pambo. Lilikuwa na bado kwa wengine ni kitu cha waliotiwa jandoni, na yapo mambo yake ambayo wanawake na watoto hawakutakiwa kuyajua. Mwalimu kutoka mkoa mwingine, asiyejua hili, huweza kulitundika karibu na mchoro wa chungu na kuwachukiza nusu ya wazee bila ya kujua sababu ya ukimya wao. Wapo wazee watakaosema kwamba leo mapiko huchezwa mbele ya wageni na viongozi, na hakuna neno. Wapo watakaosema hapana. Wote wana haki ya kuulizwa. Nenda kwao mapema, pamoja na mwanafunzi na mzazi wake, ukae chini, ueleze kitu gani kitaonyeshwa, mahali gani na mbele ya nani. Wakikubali, waombe mmoja wao aje siku hiyo na akae karibu na kazi, aseme yale aruhusiwayo kuyasema. Wakikataa, kubali bila ya kubishana, na mwanafunzi achonge kitu kingine. Hukumu hiyohiyo ipite juu ya michoro ya chale za zamani za usoni na juu ya vyombo vya unyago, ambavyo kwa upande wake wataulizwa kina bibi, si waume zao.

Kila kazi iwe na kibandiko, na kibandiko kiandikwe kwa Kiswahili, kwa mkono safi, herufi za kusomeka hatua mbili: jina la mwanafunzi kwa ukamilifu, darasa, jina la kazi kama alivyoliita mwenyewe, na vitu alivyovitumia. Nalisisitiza jina kwa sababu yenye historia. Katika makumbusho ya nchi nyingi vipo vinyago vizuri vya kutoka uwanda wetu ambavyo vibandiko vyake vina neno moja tu, jina la kabila, na mtu aliyeinama juu ya mti ule siku nyingi ametoweka. Mwanafunzi asizoezwe kutoweka. Wala usiweke maelezo marefu. Mistari miwili ya mwanafunzi mwenyewe, akisema alichokiona na kilichomshinda, yatosha.

Wanafunzi watano au sita wafundishwe kuwa wenyeji wa chumba, wakishika zamu. Kazi yao isiwe kukariri maneno, bali kuuliza. Mgeni akisimama mbele ya picha ya tando, mwenyeji amuulize kwa adabu, "Shikamoo baba, wewe wadhani maji yanakuja au yanatoka?" na mvuvi wa Mkubiru, ambaye labda hajaingia darasani tangu utoto, ataitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko afisa yeyote, na huenda akaikosoa, na akiikosoa, mwenye kuichora aitwe haraka aje asikie.

Hapo ndipo ninapofika kwa mgeni rasmi. Desturi imetulazimisha kuwa naye, nami sina ugomvi na desturi. Barua ipitie kwa mtendaji wa kata na kamati ya shule, na heshima zote zitimizwe. Lakini kila mwalimu wa nchi hii amepata kuona watoto wamepangwa juani saa tatu wakisubiri gari, na hotuba ya saa nzima ikafuatwa na kutembelea mabanda kwa dakika saba. Geuza mpango. Milango ifunguliwe saa mbili asubuhi kwa watu wote, aje asije; akifika, atembezwe kwanza na mwanafunzi mmoja, polepole, kisha ndipo aseme, na aombwe katika barua yenyewe kwamba aitaje kazi moja iliyomgusa na aeleze kwa nini. Mgeni aliyeombwa hivyo hutazama, kwa kuwa anajua ataulizwa. Utepe, kama ni lazima, ukatwe bila ya ngoma kusimama.

Kuhusu kuuza, wapo wasemao kwamba bei huharibu elimu. Siwaungi mkono, maana katika mkoa ambao watu wengi wameishi kwa patasi na tezo, kumficha mtoto kwamba kazi ina thamani ya fedha ni kumdanganya. Ila bei isibandikwe ukutani, kwa kuwa mtazamaji akiiona bei huacha kuitazama picha. Iwekwe orodha mezani kwa mwalimu mmoja mwenye daftari na stakabadhi. Mzazi awe ameridhia kwa sahihi kabla ya siku. Sehemu ya shule, ikiwa ipo, itajwe tangu awali na iwe ndogo, ya kununulia karatasi za mwaka ujao. Kazi iliyouzwa itiwe alama na ibaki mahali pake hadi mwisho. Na mtu akitaka kupiga picha ya kazi ili aichape katika fulana au kalenda, aelezwe kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuwatenga wanafunzi, na haki ile ni ya mtoto, si ya shule.

Siku ya kuvunja maonyesho huachwa kwa mlinzi na mfagiaji, na ndipo nusu ya kazi hupotea. Ipangiwe watu walewale waliotundika. Kila kazi iondolewe katika ugwe, gundi ya muhogo ikwanguliwe nyuma yake, jina likaguliwe katika daftari, na mwanafunzi aweke sahihi akipokea. Zile ambazo shule itazihifadhi zilazwe bapa juu ya kabati, mbali na sakafu na mchwa, zikiwa na karatasi safi kati yake, na zifunuliwe Desemba na Februari kuangalia kama unyevu umeingia. Vinyago visifungwe kwa nailoni, bali kwa marekani ileile. Mwalimu aandike ukurasa mmoja kwa yule atakayeshika kazi mwakani: upepo uliingia dirisha gani, ugwe ulitoka kwa nani, mzee yupi aliulizwa na alijibu nini. Na wanafunzi wa ng'ambo ya Msanga Mkuu wapewe kazi zao Jumatatu asubuhi na mapema, wavuke kabla kusi halijapanda, kila mmoja ameshika ya kwake.